Mwezi una ndui

Zawadi: Shikamooni wakubwa. Nimeazima darubini leo nikautazama mwezi. Jamani, una ndui! Mashimo juu ya mashimo 😳

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Si yalikuwa volkeno hayo? Ndivyo tulivyofundishwa.

Mjomba Salim: Zamani hata wataalamu wengi walidhani hivyo, dada. Ni vimondo. Kazi ya volkeno ni yale madoa meusi, lava ilijaa mabondeni ikaganda.

Zawadi: Sasa mjomba, mbona sisi hatuna mashimo? Vimondo vimeuonea mwezi tu?

Mjomba Salim: Tumepigwa kuliko mwezi, dunia ni kubwa na mvuto wake ni mkali. Ila huku makovu yanafutika. Mvua, mito, upepo, halafu ganda lenyewe ni mabamba yanayosogea, mengine yanazama chini ya wenzake. Kimondo kilichoangamiza dainosaria kiliacha shimo la upana wa kilomita kama 180 kule Meksiko, na leo ukisimama juu yake huoni kitu. Limefukiwa.

Mjomba Salim: Mwezini hakuna hewa wala mvua. Njia walizokanyaga wanaanga wa Apollo zilipigwa picha kutoka juu miaka kama 40 baadaye, bado zipo.

Baba Juma: Kwa hiyo mwezi haunawi uso 😂

Mjomba Salim: 😂 Anayenawa kila siku ni Io, mwezi wa sayari ya Mshtarii (Jupita). Huko hatujaona shimo la kimondo hata moja.

Zawadi: Haujapigwa??

Mjomba Salim: Umepigwa sana. Una volkeno hai kwa mamia, lava inafunika kila kitu.

Zawadi: Mwezi mdogo hivyo, joto unalitoa wapi?

Mjomba Salim: Mshtarii inauminya. Miezi jirani, Europa na Ganymede, inauvuta hadi njia yake haiwi duara kamili. Mwezi huo ukisogea karibu na Mshtarii unabanwa, ukienda mbali unaachiwa, kila baada ya saa 42 hivi. Chukua waya, ukunje na kuukunjua harakaharaka, kisha gusa pale kwenye mkunjo.

Shangazi Rehema: Ngoja.

Shangazi Rehema: Wee! Umeniunguza kidole!

Shangazi Rehema: Na hanga imekatika vipande viwili.

Baba Juma: Hanga ipi?

Baba Juma: Rehema, hanga ipi?