Z440 ya Xeon au OptiPlex ya i7-8700? Bajeti 45k, niko Lamu

BintiLangoni
Asalam aleikum wadau. Mie napiga video za harusi, zaidi kupamba na mambo ya wanawake peke yao, na mwajua zile video hazitoki mkononi mwangu, siwezi kumpa kijana wa saiba anikatie wala kuzipandisha mtandaoni, wenyewe wako vichwa wazi. Laptop yangu imechoka, klipu za 4K zakwama kwama na feni yalia kama jenereta. Nina 45k, monita ninayo. Nimeona kompyuta mbili za ex-UK (mitumba ya Uingereza) Mombasa: HP Z440, prosesa Xeon E5-1650 v3, RAM 32, kadi ya video Quadro K2200, 42k. Na Dell OptiPlex 7060 tawa (kasha kubwa la kusimama), prosesa i7-8700, RAM 16, haina kadi, 38k. Nakatia video Premiere. Nichukue ipi?

fundi_maweni
Waaleikum salam dada. Z440, funga macho. Pawa saplai ya 700W, nafasi 8 za RAM, chuma chenyewe ukikigusa wajua ni mashine ya kazi. Ukichoka na hiyo 1650 watia E5-2680 v4 yenye core 14, ila uapdeti BIOS (programu ya kuiwasha) kwanza la sivyo haiwaki. Yangu iko hapa Malindi mwaka wa tatu sijaifungua ila kupuliza vumbi.

kaskazi_edits
Fundi hapo kwenye core 14 wampoteza dada wa watu. Ile 2680 v4 mwisho wake 3.3GHz, na Premiere ukiwa wakata harusi yataka spidi ya core moja moja kuliko wingi. Shida yake ni klipu kukwama, yaani kuzifungua. i7-8700 ina Quick Sync ndani kwa ndani, sehemu ya kufungulia video, inafungua H.264 na H.265 (mitindo ya kubana video) bila jasho. Xeon E5 haina hata grafiksi yake, ukitoa kadi skrini ni giza. Na hiyo K2200 ni ya 2014, H.265 haiijui kabisa. Dada kamera yako yarekodi nini?

BintiLangoni
Kamera ni H.264 ya kawaida. Lakini mdogo wangu hunisaidia na iPhone na zake ndo zinazokwama zaidi, nimeangalia ni HEVC.

kaskazi_edits
HEVC ndo hiyo hiyo H.265. Basi, Dell ndo yako.

fundi_maweni
Si atoe K2200 atie GTX 1060, kwisha maneno? Hiyo Dell ni 260W na haina waya wa pini 6 wa kulisha kadi umeme, siku akitaka kadi ya maana hawezi, mwisho wake ni za 75W kama GTX 1650 isiyo na plagi au Quadro P2000.

kaskazi_edits
Hiyo kweli sikatai. Lakini 42k ukaongeze na 1060, bajeti ishazama. Halafu Windows 10 apdeti zake zilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi yakubali 7060, Z440 mpaka ujanja ujanja.

mokowe_jeti
Nyote mwaongea kama yuko Nairobi. Xeon ile ni 140W, i7 ni 65W, tokeni nani anunua? Na stima ikipotea katikati ya kurenda (kutoa video iliyokamilika), UPS ndogo, ile betri ya akiba, itaibeba Dell dakika kadhaa, Z440 ikiwa kazini na kadi yake hata kusevu huwahi. Kisha ishuke basi Mokowe, iingie boti, ipande punda mpaka mtaa wa Langoni! Ukichukua yenye kadi mwambie wa duka aichomoe aifunge kando, yangu ilifika na sloti imepasuka. Na usiiweke dirisha la baharini. Msimu wa kusi chumvi hula bodi polepole, iweke chumba cha ndani, juu ya meza, na usiifunike kitambaa ikiwaka.

bwana_mrama
Msisahau wauzaji. Mie niliuziwa "i7" duka fulani, stika i7, kufika nyumbani i5-8500. Nenda na flashi yenye CPU-Z (yaonyesha prosesa) na CrystalDiskInfo (yaonyesha hali ya diski), ingia BIOS uone haina paswedi, iache iwake nusu saa ukicheza klipu zako mwenyewe. Na hakikisha ni tawa kweli, picha huwa tawa ukifika wapewa SFF, ile nyembamba, kadi ya kimo cha kawaida haiingii.

BintiLangoni
Wadau nimerudi. Nimechagua Dell, binamu alienda na flashi. Bwana mrama Mungu akuweke, "tawa" ilikuwa SFF! Akang'ang'ana nao mpaka wakatoa tawa yenyewe stoo, CPU-Z yasema i7-8700 kweli, ila diski imetumika masaa elfu ishirini na kitu, wakapunguza hadi 35k. Nimeongeza SSD mpya na RAM 16, ishafika salama, punda hakuanguka 😂 Klipu za iPhone zateleza sasa, nimemaliza kupamba ya Ijumaa kwa siku moja, zamani ilikuwa wiki. Ikirenda chumba chapata joto lakini sauti hakuna.

fundi_maweni
Hongera dada. Hiyo laptop wauza? Niko na mteja.

BintiLangoni
Laptop naweza, diski nabaki nayo. Ina harusi za watu. Na ukiona GTX 1650 isiyo na plagi hapo Malindi nistue.