Naomba ushauri: misa ya simu yatosha, au nirudi kanisani?

Wapendwa, naishi Umoja, hapa Nairobi. Tangu makanisa yafungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, nimezoea kufuata misa kwenye YouTube. Mama hunisomea Waebrania 10:25, kwamba tusiache kukusanyika, kisha huuliza: "Na ukifiwa, simu itakuja matanga?" Hapo hunipata. Jumuiya yake, kikundi cha waumini majirani, huchanga, hupika, hukesha na wafiwa.

Kilichonichosha ni wanasiasa na bahasha zao madhabahuni. Askofu Mkuu Philip Anyolo alipoagiza fedha ambazo Rais Ruto alilitolea kanisa zirudishwe, Novemba 2024, nilifurahi, lakini miguu bado mizito.

Je, naweza kuanzia jumuiya ya mtaani tu, Jumapili ije baadaye? Aliyejaribu, wazee walikupokeaje?