Mary Rose: gharama yote ile kwa nusu ya meli?

Mpita_Njia:
Wakuu, habari zenu. Juzi binamu alinipeleka Portsmouth, Uingereza, kwenye bandari ya zamani ya jeshi la majini. Victory, meli ya vita ya Admirali Nelson, nimeiona, sawa, meli imekamilika. Tukaingia kwa Mary Rose, meli ya vita ya Mfalme Henry wa Nane. Jamani, ni ubavu mmoja tu nyuma ya kioo! Eti waliiopoa 1982 wakainyunyizia maji na dawa hadi 2013. Miaka 30 na ushee kumwagilia mbao? Ule upande mwingine ulikwenda wapi, na huu uliobaki una nini hasa?

Fundi_Matondoni:
Mimi nimekulia kwenye vumbi la randa, mzee wangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kule Lamu, na sasa naishi Southampton. Nikija na wageni, huko ndiko ninakowapeleka.

Upande mwingine umeliwa, ndugu yangu. Meli ilizama 19 Julai 1545 ikipigana na Wafaransa, ikalalia ubavu wa kulia kwenye tope la Solent, mlango wa bahari hapo nje ya Portsmouth. Kilichofukiwa na tope kilikosa hewa, wadudu wanaotoboa mbao hawakukifikia. Kilichobaki wazi, mkondo ulikisaga na wadudu wakakimaliza. Ndio hao hao tunaowapakia deheni chini ya jahazi.

Kumwagilia sasa. Mbao iliyokaa chini ya bahari miaka 437 imechoka kwa ndani, kinachoishikilia ni maji. Ikaushe ghafla uone inavyosinyaa na kupasuka. Walianza na maji baridi, kisha kuanzia 1994 wakatia polietilini glaikoli, kitu kama nta, kinachopenya taratibu na kushika nafasi ya maji. 2013 ndipo wakazima mabomba na kuanza kuikausha.

Na kwa macho ya fundi, nusu hiyo inaishinda Victory. Ndani ya Victory unainama tu kukwepa maboriti. Hii imepasuliwa kama papai: mataruma yote, zile mbavu za meli, yako nje, sitaha juu ya sitaha, unaona kila ubao umekamatana na mwenzake vipi.

Bint_Kisiwani:
Fundi na mbao zake, watu amewaruka! Walikuwemo kama 500, walionusurika hawakufika 40. Juu ya sitaha walitandaza wavu ili Wafaransa wasirukie ndani. Meli ilipolala, wavu huo huo ukawafungia wenyewe. Mfalme yuko ufukweni, kwenye ngome ya Southsea Castle, anatazama.

Mpita_Njia, vile vitu kwenye makabati uliviangalia kweli? Kuna chanuo za kutolea chawa, na mabaki ya chawa wamo. Kuna mifupa ya mbwa aliyekutwa karibu na mlango wa chumba cha seremala. Na kasha la tabibu lina bomba la kutilia dawa kwenye njia ya mkojo, hapo mume wangu alikumbuka ghafla kwamba ana njaa.

Mpita_Njia:
😂 Hilo nalo nililipita. Kwa hiyo Wafaransa ndio walioizamisha?

Fundi_Matondoni:
Wao walidai hivyo. Mimi nashikilia ile kauli nyingine: ilikuwa inageuka, upepo ukailaza, na madirisha ya mizinga ya chini yalikuwa wazi, karibu mno na maji. Kumbuka ilijengwa 1510, baadaye wakazidi kuiongezea mizinga mizito. Nahodha wa Lamu ukimpakilia hivyo anashuka, anakuachia chombo chako.

Baharia_Mstaafu:
Mombasa tunayo yetu. Santo António de Tanná ya Wareno ilizama 1697 chini ya Fort Jesus, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi waliichimbua miaka ya 1970 mwishoni, vitu viko makumbusho ya ngome, mwili wa meli ukaachwa pale pale chini. Mpaka leo wapo wanaolalamika.

Fundi_Matondoni:
Walalamike tu, mzee wangu. Bili ya kumwagilia miaka 30 angelipa nani?