Naomba ushauri: maji machafu humwagwa usiku, mimi hupima mchana

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mwanasayansi wa mazingira, mwajiriwa wa serikali hapa Nairobi. Huchota sampuli za maji ya Mto Ngong, pale unapopita Mukuru na eneo la viwanda.

Akina mama wa huko wameniambia mara nyingi kwamba mto hubadilika rangi usiku wa manane, harufu ikawakaba watoto koo. Mimi hufika saa nne asubuhi, uchafu umeshateremka kuelekea Mto Athi. Kipimo cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu, kinachoonyesha uchafu wa maji, huchukua siku 5 maabara, na majibu yakitoka ni ya mto wa mchana tu! Nimeomba gari la usiku mara mbili. Mkubwa wangu akaniambia nisijitafutie maneno.

Naumia, maana Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi.

Mliowahi kufanya kazi hii, niandike barua rasmi nibaki na nakala? Au niwafundishe wakazi kuchota wenyewe? Na je, sampuli yao itasimama kortini bila rekodi ya nani aliishika tangu mtoni hadi maabara?