Picha za tembo wa Amboseli zinakosa uhai

Swali
Ndugu zangu, nimerudi kutoka Amboseli na picha nyingi za tembo, lakini karibu zote zina mnyama katikati kabisa ya fremu, na Mlima Kilimanjaro nyuma yake unaonekana kama kichuguu. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Bila shaka ulimsogelea tembo kwa lenzi fupi, ile inayonasa eneo pana na kufanya vya mbali vionekane vidogo. Kaa mbali, tumia lenzi ya milimita 200 au zaidi, nao mlima huo wa mita 5,895 utasimama kwa ukubwa wake nyuma ya mnyama. Uwahi alfajiri, kwa sababu mchana mawingu mara nyingi hukifunika kilele.

Jibu la pili
Naongezea kwamba usipige ukiwa umesimama kwenye paa la gari. Shusha kamera hadi dirishani, uiegemeze kwenye kifuko cha maharage, ili mgongo na masikio ya tembo vionekane juu ya upeo wa macho badala ya kuzama katika nyasi. Mwachie nafasi upande anakoelekea. Mimi hungoja mguu wa mbele unyanyuke na vumbi litimke chini ya unyayo.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Zote nilizipiga saa sita mchana, kutoka juu ya paa, kwa lenzi ya milimita 35.