Gari ya zamani inatetemeka kwenye silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) na inazima nikisimama, nianzie wapi?

msafiri_wa_jioni

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana nimefika mahali sijui nishike kipi niache kipi. Nina gari ya mwaka 1998, petroli, cc 1500, silinda 4, ya nozeli sio kabureta, gia otomatiki. Ikiwa baridi inawaka vizuri tu, resi (mizunguko ya injini kwa dakika) inakaa juu kidogo kama 1300 na injini imetulia kabisa. Shida inaanza ikishapata moto, mshale unashuka mpaka 500 unapanda 900 unashuka tena, usukani na siti vinatetemeka, na nikifika kwenye makutano nikikanyaga breki nisimame inazima. Sio kila mara ila ni mara nyingi, na nikiwasha AC ndo kabisa.

Kinachonichanganya ni kwamba nikiwa natembea gari iko poa, inavuta, mlima inapanda, haimisi popote. Plagi mpya, ea klina mpya, filta ya mafuta mpya, bado iko vile vile. Fundi mmoja anasema pampu ya mafuta, mwingine anasema throtoli bodi nzima itolewe, mwingine sensa ya oksijeni, yaani kila mmoja anataja spea yake na hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Taa ya injini inawaka siku nyingine halafu inajizima yenyewe. Naogopa sana kuzimikiwa katikati ya makutano nikiwa na watoto nyuma. Mnanishauri nianzie wapi?

Bisibisi_Bapa

Pole sana mkuu, na umeeleza vizuri, wengi wanaandika "gari inazima" basi. Ombi langu la kwanza, usinunue spea yoyote mpaka upime. Dalili zako zenyewe tayari zinaongea.

Angalia hivi. Gari ikiwa kwenye silensa kile kibati cha throtoli kimefungwa karibu chote, injini inaishi kwa hewa kidogo sana inayopita pembeni. Sasa kama kuna mpira umepasuka au gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) imechoka, ile hewa ya wizi inayoingia hapo ni sehemu kubwa ya hewa yote, kwa hiyo mchanganyiko unaharibika, hewa nyingi mafuta machache, injini inatetemeka. Ukikanyaga ukafika resi 2500 throtoli imefunguka, hewa halali ni nyingi, ile ya wizi haina tena nguvu ya kuharibu kitu. Ndo maana barabarani gari iko vizuri. Na ikiwa baridi kompyuta inamwaga mafuta mengi zaidi na inapandisha resi, kwa hiyo tatizo linafichika mpaka injini ipate moto.

Kwa hiyo pampu ya mafuta mimi naiweka mwisho kabisa. Pampu ikichoka au filta ikiziba kwa kawaida inaanza kukusumbua kwenye mzigo, unapopanda mlima au kuovateki, sio ukiwa umesimama.

Fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, sikiliza kama kuna mlio wa ssss. Fuata mipira yote inayotoka kwenye manifoldi mmoja mmoja, ule mnene wa breki, ule wa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi), na ile midogo ambayo kwenye gari za umri huu inakuwa imekauka kama kuni. Usisahau ule mpira mkubwa wenye mikunjo kati ya ea klina na throtoli, ukunje kwa mkono maana ufa unajificha ndani ya mikunjo. Ukiona gari inatulia ukiweka R lakini ukiweka D inatetemeka, mshuku huo kwanza, kwa sababu injini inapojipinda upande mmoja ufa unafunguka na ikijipinda upande wa pili unafunga.

Kuna watu wanapuliza petroli au spreyi ya kusafishia kabureta kwenye maungio waone kama resi itabadilika. Inafanya kazi lakini egzosti iko pale pale ina moto, magari yameungua hivyo. Tumia chupa ya kupulizia maji, maji yakivutwa kwenye ufa utasikia injini inabadilika sauti kidogo. Kipimo kizuri kuliko vyote ni mashine ya moshi, moshi unaingizwa kwenye manifoldi injini ikiwa imezimwa na unatokea pale penye tundu.

mama_wa_resi

Naongezea kwa Bisibisi. Ile taa kuwaka na kuzima haina maana kwamba tatizo limeondoka, kodi (namba ya kosa) mara nyingi inabaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya gari, kasome. Ila gari ya 1998 inategemea ilitengenezewa soko gani. Za Marekani zina OBD2 (mfumo wa pamoja wa kusoma makosa kwa mashine) tangu mwaka 1996, Ulaya magari ya petroli yalilazimishwa kuanzia 2001, kwa hiyo yako inaweza kuwa na soketi ya OBD2 au ikawa ya mfumo wa zamani ambao unaunganisha pini mbili unahesabu taa inavyopepesa.

Ukipata P0171 maana yake mafuta machache hewa nyingi, P0300 ni kumisi kwa silinda bila mpangilio, P0301 mpaka P0304 inakutajia silinda yenyewe, P0505 ni mfumo wa kuendesha silensa. Na tafadhali sana kodi isikununulie spea. P0171 watu wanabadilisha sensa ya oksijeni, wakati sensa ndo iliyoleta taarifa kwamba hewa imezidi, unamfukuza mtoa taarifa mwizi unamwacha ndani.

Kama mashine inaonyesha data ikiwa hai, angalia marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu, uyajumlishe. Kwenye silensa yakiwa kama +20 halafu ukishika resi 2500 yanashuka mpaka karibu +4, hiyo ni hewa ya wizi. Yakiwa sawa kwenye silensa na yanapanda ukiongeza mwendo, hapo ndo ufikirie mafuta hayatoshi au sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) imechafuka. Hiki kipimo kimoja kingewaokolea watu spea nyingi sana na sielewi kwa nini mafundi wengi wanakiruka wakati mashine wanayo mkononi.

Kitu kingine, kama gari yako haina MAF inatumia sensa ya MAP (inayopima presha ndani ya manifoldi), hewa ya wizi mara nyingi haitaleta mtetemo, itapandisha silensa juu, kwa sababu MAP inaona presha imebadilika na kompyuta inaongeza mafuta kufuata hewa. Halafu resi zikipita kiwango huku mguu hauko kwenye mafuta kompyuta inakata nozeli, resi zinaanguka, inarudisha, zinapanda, unapata ile panda shuka panda shuka.

Kapi77

Mimi sikatai hewa ila msisahau umeme wa plagi. Plagi mpya sio mwisho, kuna waya za plagi, disitribyuta kapu na rota kama inazo, na koili. Njia rahisi ya kujua kama kuna silinda imelala, washa injini iwe moto, chomoa soketi ya nozeli moja moja. Silinda nzima ukichomoa resi zinaanguka na mtetemo unaongezeka. Ukichomoa ukaona hakuna kilichobadilika hiyo ndo silinda mbovu, hapo unaangalia plagi yake, waya wake, nozeli yake na mwisho kompresheni. Kompresheni kinachoangaliwa zaidi ni tofauti, silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi hapo kuna valvu, ringi au gasketi.

Usichomoe waya za plagi injini ikiwa inawaka kama wanavyofanya wengi, ule umeme ni mkali na petroli isiyoungua inaenda kuunguza katalisti (kisafisha moshi kwenye egzosti).

Pia namna inavyozima inasema kitu. Ikikata ghafla, mshale unaanguka sifuri hapo hapo, halafu haiwaki mpaka ipoe, mshuku sensa ya krankshafti. Ikizima kwa kusinzia, inatetemeka inashuka mpaka inafia, hiyo ni hewa au mafuta. Na valvu ya EGR ikigoma kufunga inaleta dalili hizi hizi zako, mbaya kwenye silensa nzuri barabarani, maana moshi wa egzosti unaingia wakati injini haiutaki.

nyundo_ndogo

Throtoli bodi isafishwe sio itolewe. Mkaa unajikusanya nyuma ya kibati na kwenye ile valvu ya hewa ya silensa. Spreyi ya throtoli na kitambaa, basi. MAF ina spreyi yake peke yake, usichanganye, na usiiguse waya wake. Na ile skrubu ndogo ya kusimamisha kibati usiizungushe kabisa. Ukimaliza kuna gari zinahitaji kujifunza silensa upya, zitasumbua kidogo mwanzoni.

upepo_wa_mchana

Samahani naingilia, yangu ni ya kabureta na ina dalili kama hizi, ukivuta choki inatulia. Na yenyewe ni hewa?

Bisibisi_Bapa

@upepo_wa_mchana choki inapunguza hewa, kwa hiyo ikitulia ukivuta choki maana yake injini ina njaa ya mafuta au kuna hewa inaingia chini ya kabureta. Angalia gasketi ya kitako cha kabureta, kaza nati zake taratibu, halafu fungua jeti ya silensa uipulize kwa upepo, ni tundu dogo sana uchafu kidogo tu unaliziba.

msafiri_wa_jioni

Wakuu nimerudi, asanteni mno. Nimesoma yote nikafanya ya kusikiliza kwanza. Kwa mbele sikusikia kitu, ila nikiwa nimekaa ndani nikikanyaga breki gari ikiwa imesimama kuna mlio wa ssss unatokea huku miguuni na resi zinashuka hapo hapo. Nikiachia breki zinarudi kidogo. Kama alivyosema Kapi77 inazima kwa kusinzia, haikati ghafla. Nozeli nimechomoa moja moja zote zinaleta tofauti. Mashine ya kusoma kodi imetoa P0171 peke yake.

Nikabana ule mpira mnene wa breki kwa koleo niliyoizungushia kitambaa, silensa ikatulia 750 mshale hautikisiki. Sasa hapa ni mpira au ni nini?

mama_wa_resi

Umefanya kazi nzuri sana. Fungua hiyo koleo kabla hujasogeza gari hata mita moja, ukibana huo mpira umeondoa msaada wa breki, pedali itakuwa ngumu na gari itachelewa kusimama.

Kama ni mpira peke yake mlio ungekuwa kwa mbele na usingefuata mguu. Kusikika miguuni ukikanyaga inaelekeza kwenye busta ya breki yenyewe (chombo kinachokupunguzia nguvu ya kukanyaga), ule mpira mpana wa ndani umechanika. Hakikisha hivi. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuikandamiza, washa injini. Busta nzima pedali itazama kidogo chini ya mguu. Isipozama ujue busta haivuti. Na hii ndo inaeleza kwa nini inakuzimikia kwenye makutano, sio kwa sababu unasimama, ni kwa sababu unakanyaga breki.

Bisibisi_Bapa

Nakubaliana naye. Kabla hujalipia busta angalia mpira wote pamoja na ile valvu ya njia moja iliyochomekwa kwenye busta, ichomoe upulize kwa mdomo, hewa ipite upande mmoja tu. Na chungulia kwenye mdomo wa busta kama kuna mafuta ya breki, yakiwepo masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) inavujisha nyuma na ndo iliyoiua busta, ukibadilisha moja bila nyingine utarudi hapa hapa. Mpaka itengenezwe usibebe watoto humo. Ikishafungwa futa kodi, itembeze ikiwa moto, halafu tuwekee yale marekebisho ya mafuta kwenye silensa na kwenye 2500 tuone kama kuna hewa nyingine imebaki.

msafiri_wa_jioni

Sawa mkuu. Gari nimeipaki, pedali haikuzama. Naifungua busta na masta silinda kwa pamoja, namba za mashine nitaziweka hapa.