Naomba ushauri: mama akope apanue duka jirani na mgodi wa Kiwira?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimekulia Ileje, jirani na mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira. Ulijengwa kwa msaada wa China, ukaja kubinafsishwa, baadaye serikali ikaurudisha mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la taifa la Tanzania. Kila uamuzi unaotoka juu, duka la mama linajaa au linakauka. Daftari lake la mikopo bado lina majina ya wachimbaji waliohama bila kulipa sukari na mafuta ya taa.

Sasa makaa yale yanatengenezewa mkaa mbadala wa kupikia, na watu wanamwambia akope apanue duka. Dhamana ni nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Kwa kweli moyo wangu unasita. Mliowahi kufanya biashara pembeni ya mgodi: akope, asubiri, au aanze na uwakala wa mkaa huo?